Je, mtoto huzaliwa na hulka yake?

Kifungua mimba wangu alikuwa mtulivu. Huyu wa pili, wa miezi miwili, analia mno na hushtuka kwa kila sauti. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Ni kweli?

Hapana, mama. Mtoto wa umri huo hadekezwi kwa kubebwa. Watoto huzaliwa na hulka tofauti, hata wakiwa wa tumbo moja. Madaktari Alexander Thomas na Stella Chess walianza kulichunguza jambo hili New York mwaka 1956, wakawafuata watoto tangu uchanga kwa miaka mingi. Karibu asilimia 40 walikuwa wepesi kulea, asilimia 10 wagumu, na 15 wazito kuzoea mambo mapya. Waliobaki walikuwa na mchanganyiko.

Inatokana na nini?

Sehemu ni urithi: mapacha wa yai moja hukaribiana kwa hulka kuliko wa mayai mawili. Malezi nayo yana nafasi yake.

Kwa hiyo atakuwa mkorofi maisha yake yote?

Usimbandike jina hilo. Hulka ni mwelekeo tu. Thomas na Chess waliona kwamba kinachomsaidia mtoto ni malezi yanayoendana na alivyo. Wako anayeshtuka haraka, mpunguzie kelele na mikono mingi ya wageni, umzoeshe mambo mapya kidogo kidogo.

Tena ugumu si kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu Wamaasai wakati wa ukame uliwafuata watoto wachache sana, lakini matokeo yake yanagusa moyo: waliopona zaidi ni wale wagumu. Huenda anayelia kwa nguvu hunyonyeshwa mara nyingi zaidi. Idadi ile ni ndogo mno kujengea kanuni, ila mimi huikumbuka kila ninapomwona mama akilaumiwa kwa kilio cha mwanawe.

Nitajuaje kama ni hulka au ugonjwa?

Kilio cha wachanga wengi hupanda hadi wiki ya sita hivi, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Lakini akiwa na homa, akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege au akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja. Na ukizidiwa na kilio, usimtikise kamwe, kwani ubongo wake unaweza kuumia. Mlaze chali mahali salama, utoke nje upumue kidogo, au mwite huyo mama mkwe ampokee.