Tingatinga Kuukuu la Kusafishia Shamba: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtu wa Mombasa aliye na ekari kadhaa za vichaka huko Kwale, Kilifi au Mariakani hupiga hesabu, akaona kwamba kukodi tingatinga kwa saa kunammalizia fedha, na hapo huanza kutafuta la kwake lililokwisha kutumika. Wazo hilo si baya. Mashine ya minyororo ya miaka ya 1960 au 1970 ilitengenezwa kwa chuma kizito, haina kompyuta, na fundi anayeijua anaweza kuifungua na kuifunga chini ya mwembe. Wanunuzi huponzwa na maneno yanayosemwa siku ya kununua, ambayo yamerudiwa mara nyingi hata yakachukuliwa kuwa kweli.

“Injini ikinguruma sawasawa, mashine ni nzima”

Hakuna dhana inayowagharimu watu kuliko hii. Injini ina sauti na moshi, kwa hiyo humvuta mnunuzi sikio na jicho. Lakini katika mashine ya minyororo, takriban nusu ya gharama za matengenezo huenda kwenye sehemu za chini, yaani minyororo yenyewe pamoja na pini zinazounga viungo vyake na bushi, yaani mirija ya chuma inayozivika pini hizo, vibao vya kukanyagia, rola, gurudumu la mbele, na sproketi inayouzungusha mnyororo kwa nyuma. Injini iliyochoka hubadilishwa pistoni, laina na beringi ikaendelea na kazi. Sehemu za chini zikiisha, hununuliwa karibu seti nzima, na bei ya seti hiyo inaweza kuzidi ile uliyolipia tingatinga lenyewe. Mchanga wa pwani huzidisha tatizo, kwa sababu ukichanganyika na maji huingia katikati ya vyuma na kuvisaga, ilhali mawe ya matumbawe hupinda na kuvunja vibao.

Kwa hiyo ukifika yadini, inama kwanza. Jino la sproketi lililo zima lina ncha butu na pana, lililolika limechongoka. Tia mtaimbo chini ya rola uitikise, kisha uangalie kama oili imevuja kwenye sili. Halafu pima mnyororo: dereva aweke pini ya chuma kati ya sproketi na mnyororo, arudi nyuma polepole mpaka mnyororo ukaze, azime injini na kufunga breki, nawe upime kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya nne baada yake. Kwa mashine ya kiwango cha Caterpillar D6, kiungo kimoja kikiwa kipya kina takriban milimita 203, hivyo viungo vinne ni kama milimita 812. Kila kinachozidi hapo ni chuma kilicholika ndani ya pini na bushi, wala rangi mpya ya manjano haiwezi kukirudisha. Uliza pia kama pini na bushi zimewahi kugeuzwa nusu duara ili zifanye kazi kwa upande ambao haujalika. Ikiwa hazijageuzwa na bushi hazijapasuka, bado una akiba; ikiwa zimegeuzwa, akiba hiyo imekwisha kuliwa na mwenye nayo wa kwanza.

Injini nayo ichunguzwe, ila ikiwa baridi. Gusa bloku kabla haijawashwa, kwani muuzaji aliyeipasha moto mapema huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Endesha mashine mbele na nyuma, ukate kona kushoto na kulia, maana klachi za usukani za aina kavu hushikwa na kutu mashine ikisimama muda mrefu, na hewa ya bahari haizionei huruma.

“Mita ya saa haidanganyi”

Mita hubadilishwa kwa dakika chache, au hufa na kuachwa hivyo miaka mingi. Pedali iliyolika na matundu ya pini za bledi, yaani bamba la mbele la kusukumia udongo, yaliyopanuka hueleza umri wa mashine vizuri zaidi.

“Mnyororo ukazwe sana usije ukatoka”

Mnyororo uliokazwa kupita kiasi hulazimisha pini na bushi kusagana wakati wote, huiba nguvu ya injini na kuchosha beringi. Unatakiwa kulegea kidogo kwa juu, kwa mashine nyingi kati ya milimita 25 na 50 kulingana na toleo, na urekebishwe pale pale kazini, kwa kuwa udongo ukijikusanya kwenye sproketi hukaza mnyororo wenyewe. Matope yatolewe kila jioni yangali laini. Mashine nyingi hukazwa kwa grisi inayosukumwa ndani ya silinda yenye shinikizo kubwa sana. Anayeilegeza afungue vali kidogo kidogo, na asiuweke uso wake mbele ya vali hiyo hata kidogo, kwa sababu grisi hiyo hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Dereva naye azoezwe kutorudi nyuma kwa kasi, kwani mwendo wa kinyumenyume ndio unaosaga bushi zaidi kwenye sproketi.

“Mombasa kuna joto, kwa hiyo toa themostati utie maji ya kisima”

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na umeharibu injini nyingi. Themostati huifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, oili hukusanya uchafu na laina hulika haraka. Na katika baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, ikawa joto lililokimbiwa ndilo linalozidi. Injini inayochemka ina sababu yake: rejeta iliyoziba kwa vumbi na majani, mkanda uliolegea, au pampu ya maji iliyokwisha. Atafutwe fundi wa kuitafuta sababu hiyo. Maji ya visima vingi vya kisiwani na ukanda wa pwani yana chumvi, nayo huacha magadi ndani ya mifereji ya injini na kula chuma. Tumia maji yaliyosafishwa yakiwa na dawa ya kuzuia kutu.

“Injini ya zamani hunywa chochote”

Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu ya kusukumia dizeli hutegemea dizeli hiyo hiyo kujilainisha. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na dizeli ulizidi nchini hata serikali ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Nunua kwenye kituo unachokiamini, na umwage maji yaliyotuama chini ya tangi kila asubuhi.

“Spea zitapatikana tu”

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Tanganyika, makao yakiwa Kongwa, na sehemu ya mashine zake yalikuwa matrekta yaliyobaki vitani. Mengi yaliharibika upesi kwa visiki na udongo mgumu, huku spea na mafundi wakiwa haba. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Nionavyo, mtu mmoja mwenye shamba moja ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza bei ya sili, rola na filta za toleo analolitaka kabla ya kuuliza bei ya mashine, na kuliacha toleo ambalo wauza spea hawalijui.

“Shamba safi ni lile lililobaki tupu”

Udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba sana katika sehemu nyingi za pwani, na bledi iliyozamishwa huukusanya pamoja na vichaka na kuuacha kwenye lundo. Bora ni reki yenye meno, ambayo hung'oa mizizi na kuacha udongo upite. Mti mkubwa ukatwe mizizi pande zote kwanza, ndipo usukumwe kwa bledi iliyoinuliwa. Na asiendeshe mtu mashine isiyo na kofia ya chuma juu ya kiti, kwa sababu tawi kavu humwangukia dereva kabla mti haujayumba. Mikoko na misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, haiguswi, na kabla ya kufyeka eneo kubwa ulizia NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kuhusu tathmini inayotakiwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999.

“Masika ikiingia, liegeshe hadi mvua iishe”

Mashine iliyoachwa tangu Aprili hadi Juni huamka ikiwa na klachi zilizoganda na fito za silinda zenye vidoa vya kutu, ambavyo baadaye hukata sili za haidroliki. Ishushe bledi juu ya mbao, ukunje silinda kadiri zinavyoingia, upake grisi sehemu ya fito inayobaki nje, uzibe bomba la moshi, na kila baada ya wiki mbili uwashe injini mpaka ipate joto, kisha uitembeze ukikata kona pande zote mbili.