Nguvu ya mnunuzi katika biashara ya vyakula

Nguvu ya mnunuzi ni uwezo wa duka kubwa kumlazimisha msambazaji akubali masharti ambayo angeyakataa kama angekuwa na soko jingine. Mlaji haioni, kwa kuwa hujitokeza kwenye mikataba na ankara, si kwenye bei ya rafuni.

Duka halihitaji kuhodhi soko zima ili liwe nayo. Kiwanda cha maziwa kinachouza asilimia 30 ya maziwa yake kwa supamaketi moja kinaweza kufungwa kikiondolewa rafuni. Supamaketi yenyewe itaweka maziwa ya kampuni nyingine kesho yake. Kwa hiyo tume ya ushindani, yaani chombo cha serikali kinachosimamia ushindani wa haki sokoni, ikitazama tu ukubwa wa duka hupima kitu kisicho chenyewe. La kupima ni hili: msambazaji akikataa masharti, ana pa kupeleka mzigo, na itamchukua muda gani kufika huko?

Chukua ankara ya 100. Duka linakata 5 za punguzo la mauzo ya mwaka, 3 za nafasi ya rafu, na 2 za bidhaa zilizoharibika zikiwa tayari mikononi mwake. Kisha linalipa baada ya siku 90. Msambazaji anayekopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka hupoteza karibu 4 nyingine kwa kusubiri. Anabaki na 86. Hapo hupunguza ubora, au hupandisha bei kwa maduka madogo yasiyo na ubavu wa kubishana naye, na maduka hayo yanazidi kushindwa kushindana. Bei nafuu ya supamaketi inaweza kuwa imelipiwa na mteja wa duka dogo.

Sheria nyingi hutaja vitendo vyenyewe badala ya kupanga bei. Kenya iliingiza matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi katika Sheria ya Ushindani mwaka 2016, ikaipanua 2019: kuchelewesha malipo bila sababu halali, kuvunja uhusiano wa kibiashara bila notisi, kumtwika msambazaji gharama na hasara za duka. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2019, uliweka ukomo wa kulipa: siku 30 kwa bidhaa zinazoharibika haraka, 60 kwa nyinginezo. Uingereza ina msimamizi maalumu wa maduka makubwa ya vyakula tangu 2013, anayeweza kutoza faini ya hadi asilimia 1 ya mauzo ya duka nchini humo.

Panapokwama zaidi ni kwenye malalamiko. Msambazaji anayeshtaki anamshtaki mteja wake mkubwa, na oda zinaweza kukoma kimyakimya. Sheria inayongoja mlalamikaji ajitaje jina itabaki kwenye makaratasi. Tume lazima iweze kuficha jina lake na kuanzisha uchunguzi yenyewe.

Hata hivyo, tume haiwezi kufanya kazi bila ushahidi. Msambazaji atunze mkataba uliotiwa saini, hati za kupokelea mzigo zenye muhuri na tarehe, ankara, na taarifa za benki zinazoonyesha siku fedha zilipoingia. Makato yaliyoagizwa kwa simu ndiyo magumu kuthibitisha, hivyo siku hiyohiyo aliandikie duka barua pepe kuuliza makato ni ya nini na yanatokana na kifungu gani cha mkataba.