Nywele za mwanasesere: ngozi ndiyo inayodanganya jicho

Wanaoanza kupandikiza nywele kwenye vichwa vya wanasesere wanaofanana na watoto hai huniuliza karibu wote swali moja: niweke nywele ngapi? Jibu langu huwakera. Weka chache kuliko unavyodhani, kisha punguza tena. Kichwa cha mtoto mchanga hakijulikani kwa wingi wa nywele, bali kwa ngozi inayochungulia katikati yake. Ukiifunika ngozi yote umetengeneza wigi, hata kama kila unywele umeingia kwa ustadi.

Ndiyo maana kazi hii huanza kabla ya kushika sindano. Kichwa cha vinili, aina ya plastiki laini, hupakwa rangi tabaka kwa tabaka, na wengi wetu tunatumia zile rangi zinazoivishwa kwa joto la tanuri, kama nyuzi 130 za Selsiasi. Zote ziwe zimemalizika kabla ya unywele wa kwanza, kwa sababu kichwa chenye nywele hakirudi tanurini. Mimi huongeza tabaka moja la mwisho, jepesi mno, lenye rangi ya nywele zinazokuja, na nalipaka pale tu zitakapopandwa. Huo ni ukungu tu, si rangi ya kuonekana. Matundu ya sindano yakikaa ndani ya ukungu huo hayaonekani. Yakikaa kwenye ngozi nyeupe au kahawia iliyo safi, kila tundu linajitangaza.

Mistari ya kuniongoza nachora kwa penseli ya wanja, inayofutika. Kalamu ya wino isikaribie hapo. Vinili hunywa wino, na wino ulioingia ndani husambaa polepole, hautoki tena kwa kufuta.

Nywele zenyewe ni singa za mbuzi wa Angora, yaani moheri. Mbuzi hawa jina lao limetokana na Ankara, Uturuki, ingawa siku hizi mzalishaji mkubwa kuliko wote ni Afrika Kusini. Hukatwa manyoya mara mbili kwa mwaka, na mkato wa kwanza wa mwanambuzi ndio tunaoutafuta: unene wake ni kama mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati manyoya ya mbuzi mzee hukaribia 40. Unywele wa mtu mzima mara nyingi huwa kati ya mikroni 50 na 100. Kwa hiyo anayetaka uhalisi kwa kupandikiza nywele za binadamu anapata kinyume chake: nywele nene kupita kiasi kwa kichwa kidogo, tena zenye utelezi, hazishiki vizuri kwenye tundu. Jambo lingine linalosahaulika ni rangi. Hakuna mtoto mwenye kichwa cha rangi moja. Nachanganya vivuli viwili au vitatu mkononi kabla ya kupanda, na hata kwa nywele nyeusi naingiza kahawia iliyokolea, maana nyeusi tupu hula mwanga wote na kichwa kinaonekana kimepakwa lami.

Sindano ni zile za kushindilia sufu. Zina pembe tatu na vijino vidogo vinavyotazama chini, hivyo husukuma unywele ndani na kutoka bila kuurudisha. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba zaidi. Namba 36 au 38 hupita kwa urahisi lakini huacha tundu la kuonekana na huingiza nywele nyingi kwa pamoja. Mimi natumia 40 kisogoni na 42 kuanzia panja hadi kwenye paji la uso, unywele mmoja au miwili kwa tundu. Sindano nyembamba huvunjika upesi, kwa hiyo pasha kichwa kwa draya hadi vinili ilainike, na sindano iingie na kutoka kwa njia ileile, bila kupindisha mkono ikiwa bado ndani. Jaza kichwa kwa vitambaa, usiingize mkono wako humo. Subana, yaani kile kikofia cha kidole cha washonaji, kwenye kidole kinachoshikilia nywele si anasa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo likikosewa hakuna kinachookoa kazi: mwelekeo. Mwangalie mtoto yeyote kwa nyuma. Nywele zote zinaanzia kwenye kitovu kimoja, mara nyingi nyuma kidogo ya utosi na pembeni kidogo ya mstari wa katikati, na kutoka hapo zinazunguka. Kwa watu wengi zinazunguka kufuata mshale wa saa. Wachache kinyume chake, na wapo wenye vitovu viwili. Zikitoka hapo, za mbele huja mbele kuelekea paji la uso, za pembeni hushuka kuelekea masikio, za kisogoni hushuka shingoni, na chini kabisa huweza kukunja kuelekea katikati. Hakuna mpaka kati ya eneo na eneo. Mkondo mmoja unageuka taratibu kuwa mwingine, na ni katika mageuko hayo, hasa juu ya sikio, ndipo namtambua fundi aliyemtazama mtoto na yule aliyetazama picha za wanasesere wengine.

Mwelekeo unakwenda na mlalo. Sindano ikiingia wima, unywele unasimama wima, na hakuna gundi wala maji yatakayoulaza. Ilaze sindano iwe nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi, na kwenye paji la uso ilaze zaidi, karibu iteleze juu ya vinili. Tundu la mlalo lina faida ya pili: unywele wenyewe unalifunika. Na matundu yasifuatane kwa mistari. Mkono unapenda mistari kwa sababu inaupa raha, na matokeo yake kichwa kinakuwa shamba la mahindi. Ukikimulika kwa pembeni safu zote zinaonekana. Ninachofanya ni kutawanya nywele eneo zima kwa uchache, kisha kurudi na kujaza palipo wazi mno. Kazi inaonekana haisogei, na kichwa kizima huchukua makumi ya saa. Anayetaka haraka apake nywele kwa brashi. Zikipakwa vizuri zinampendeza mtoto mchanga kuliko nywele zilizopandwa kwa pupa.

Unywele unashikwa karibu na ncha iliyokatwa, na ncha hiyo ndiyo inayosukumwa ndani. Ukiushika katikati, ncha mbili zinabaki nje, na mojawapo ni butu. Ncha ya asili ya mkato wa kwanza ni nyembamba, inaishia kwa upole, na wepesi wote wa nywele za kitoto uko hapo. Ndiyo maana naogopa mkasi. Ikibidi kupunguza urefu, mkasi ukate kwa wima, vipande vidogo visivyolingana. Panjani huwa naongeza malaika, yaani vinyweleo laini, wachache, wafupi, walio nje ya mstari wa nywele. Mstari wenyewe nauacha uyumbeyumbe. Kwa mtoto wa miezi michache, upara mdogo kisogoni pale kichwa kinapolalia ni kweli tupu. Wateja wengine huuona ni kasoro, basi nawauliza kabla.

Nywele za kipilipili zina hesabu yake. Watoto wengi wa nywele hizo huzaliwa na mawimbi laini, na msokoto unakaza kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo amua kwanza umri wa mwanasesere. Unywele uliojisokota hufupika, basi uwe mrefu kuliko utakavyoonekana mwishoni, na mlalo wa sindano uwe mdogo kidogo kwa sababu msokoto unahitaji kuinuka. Baada ya gundi kukauka, lowanisha nywele, zungushia mafungu madogo kwenye vijiti vyembamba, acha zikauke zenyewe. Moheri, kama nywele zetu, hushika umbo lililokaukia. Usizichane zikiwa kavu, zitafumuka zote.

Nimetaja gundi. Upandikizaji ukiisha, nageuza kichwa na kupitisha sumaku ndani yake, kwani ncha ya sindano iliyovunjika haionekani kwa macho na sindano hizi ni za chuma. Baada ya hapo napaka gundi kwa ndani kupitia shingo, kwa brashi ndefu, hadi ifike chini ya kitovu cha nywele, mahali ambapo wengi hupasahau. Gundi iwe ya kunyumbulika na isiyoyeyuka kwa maji. Ikiwa nyepesi mno itapenya matunduni na kugandisha nywele kwenye ngozi. Ikiwa ngumu itapasuka kichwa kikibonyezwa. Ikiwa na asetoni italainisha vinili yenyewe. Naiacha usiku na mchana kabla ya kuosha nywele, na kabla ya kujaza shanga za kioo za kuongezea uzito, vinginevyo shanga zitanata humo.

Vichwa vya silikoni vina taratibu nyingine. Silikoni hujifunga kuzunguka unywele, na kichwa kilichojaa hakina tundu la kupakia gundi, kwa hiyo kinachoushikilia ni kina cha sindano peke yake. Unywele mmoja kwa tundu, kina kirefu, na mnunuzi aambiwe mapema kwamba hapo hakuna kuchana, ni brashi laini sana ya mtoto, tena iliyolowanishwa, kwa kufuata mkondo wa nywele.