Kwanini mwenye kiwanda cha sabuni alijifungia kwenye kizimba na mimea ya bangi mbele ya Ikulu ya Marekani?

Juni 2012, Washington. Jamaa mmoja kajifungia ndani ya kizimba cha chuma bustanini mbele ya White House, humo ndani yuko na mimea kadhaa ambayo mimi na wewe tukiiona tunasema bangi hiyo, na mpango wake ni kukamua mafuta ya mbegu zake apake kwenye mkate. Ilibidi uletwe msumeno wa mashine, na mpaka wamtoe yalishapita kama masaa matatu hivi. Unaweza kudhani ni kijana wa kijiweni, kumbe ni David Bronner, bosi wa kampuni ya sabuni ya Dr. Bronner's ya California, ile aliyoianzisha babu yake mwaka 1948.

Sasa mtu wa sabuni na bangi wapi na wapi?

Kwanza tuelewane, ile haikuwa bangi ya kuvuta. Ni hempu, yaani ukoo mmoja na bangi kabisa, Cannabis sativa, ila ina THC kidogo sana (hiyo THC ndo inayolewesha), Wamarekani siku hizi wamechora mstari kwenye asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Ukiivuta utaambulia kukohoa na kichwa kuuma. Faida yake iko kwenye shina linalotoa nyuzi, na mbegu zinazotoa mafuta na chakula. Bronner alianza kutia hayo mafuta kwenye sabuni zake mwaka 1999, povu linakuwa laini zaidi.

Tatizo ni kwamba sheria ya Marekani ya 1970 ilikuwa haitofautishi shamba la hempu na shamba la bangi, kwahiyo mafuta na nguo za hempu kuuza ruksa, lakini mkulima kulima bila kibali cha DEA (hao ndo watu wa kupambana na madawa ya kulevya) anaishia jela, na kibali chenyewe kukipata ilikuwa shughuli. Kanada wao waliruhusu kilimo 1998, basi Bronner akawa ananunua huko, hela inavuka mpaka kila mwaka wakati wakulima wa North Dakota, jirani kabisa na Kanada, wanaangalia tu. Na hata kununua huko hakukuwa na amani: 1999 forodha ya Marekani ilizuia karibu tani 18 za mbegu za hempu kutoka Kanada, na zilikuwa chakula cha ndege. Chakula cha ndege bana!

Halafu 2001 DEA wakaja na kanuni ya kupiga marufuku vyakula vyote vya hempu vyenye chembe yoyote ya THC. Hapa ndo namkubali huyu jamaa, maana sabuni hailiwi na kanuni ile haikuigusa, angeweza kukaa kimya auze sabuni zake. Badala yake akawa mmoja wa waliotoa hela nyingi kwenye kesi ya wafanyabiashara wa hempu dhidi ya DEA. Hoja yao moja ilikuwa rahisi tu: mbegu za popi zinazonyunyizwa juu ya mikate zina chembe za afyuni na hakuna anayekamatwa kwa kula mkate. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi na serikali haikwenda Mahakama ya Juu.

Kwahiyo kula ikawa halali, kulima bado. Oktoba 2009 Bronner na wakulima wakabeba majembe wakaenda kupanda mbegu za hempu kwenye nyasi za makao makuu ya DEA kule Virginia, wakakamatwa. Kizimba kikafuata 2012.

Ila tusimpe sifa zote. Kwa mtazamo wangu kilichofungua mlango zaidi ni Kentucky, jimbo la tumbaku ambalo wakulima wake walikuwa wanatafuta zao jingine, na seneta wao Mitch McConnell ndo aliyeisukuma sheria. Kilimo cha majaribio kikaruhusiwa 2014, kilimo kamili Desemba 2018, na McConnell alitia saini kwa kalamu iliyotengenezwa kwa hempu.

Kilichofuata sasa! 2019 watu wakakimbilia kupanda kwa ajili ya CBD, yale mafuta yanayouzwa kama dawa ya kila kitu, mzigo ukajaa sokoni bei ikaporomoka, kampuni ya GenCanna ya huko huko Kentucky ikaomba kufilisika 2020. Nyuzi ndo zikabaki nyuma kabisa, kwasababu shina linahitaji mashine ya kutenganisha nyuzi na ule mti wa ndani, na mashina makavu ni mzigo unaojaza lori huku thamani yake ndogo, ukisafirisha mbali faida yote inaishia kwenye dizeli. So kiwanda kinatakiwa kiwe jirani na shamba, na mwenye hela hajengi kiwanda mpaka aone shamba, na mkulima naye hapandi mpaka aone kiwanda. Watu wa Tanga hili wanalijua vizuri kwenye mkonge, jani likishakatwa halitakiwi kukaa siku nyingi kabla ya kupita kwenye korona (ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge), ndo maana ukienda kwenye mashamba makubwa unaikuta korona iko hapo hapo shambani.