Hatia katika riwaya za vita na uhamisho

Katika riwaya za vita na uhamisho, hatia ni deni ambalo mhusika anajua analo, huku vita vikiwa vimemtenga na mdai wake. Si aibu: aibu hutaka macho ya watu, hatia humtafuna mtu hata pale ambapo hakuna aliyeona. Wala si huzuni ya kupoteza nchi, ingawa mara nyingi hizi mbili huchanganywa.

Mpangilio wa matukio ndio unaoijenga. Kosa hutangulia, tena huwa la nyumbani: rafiki kasalitiwa, baba kaficha jambo. Vita huja baadaye na kufunga njia ya kuomba radhi. Mwandishi akitanguliza vita, mhusika hupata kisingizio na hatia hulegea.

Chukua The Kite Runner ya Khaled Hosseini, iliyotoka 2003. Ni majira ya baridi ya 1975 mjini Kabul, Afghanistan, na Amir, msimulizi, ana miaka 12. Ameshinda mashindano ya tiara, ambamo watoto hukatana nyuzi, na Hassan, anayelelewa kama mtoto wa mtumishi wao, amekwenda mbio kumletea tiara ya mwisho iliyokatwa. Amir anamkuta kichochoroni akifanyiwa ukatili, anajibanza, kisha anatoroka. Anaitaka ile tiara, maana ndiyo itakayompatia mapenzi ya baba yake. Bei yake ni Hassan. Baadaye, kwa kuwa hawezi tena kumtazama usoni, anaficha saa na pesa chini ya godoro la Hassan ili aonekane mwizi, na Hassan anakiri wizi asioufanya. Tendo hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Kule kichochoroni alikuwa mtoto mwenye hofu, hapa amepanga.

Baba, baba yake Amir, naye ana lake. Humfundisha mwanawe kwamba dhambi ni moja tu, wizi, na nyingine zote ni sura zake. Miaka mingi baadaye, vita vikiwa vimemhamisha Amir na Hassan akiwa ameshauawa, Rahim Khan, rafiki wa Baba, anamweleza Amir huko Peshawar, Pakistan, kwamba Hassan alikuwa mtoto wa Baba. Yule mkemea wizi alimwibia mtoto haki ya kumjua mzazi wake. Hapo hata kituo cha yatima alichokijenga Baba Kabul kinasomeka upya, kama malipo ya deni ambalo hakuthubutu kulitaja. Lau angelisema, huenda mwanawe naye angepata ujasiri wa kusema lake.

Si kila riwaya humpa mtoto kosa. Katika Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah, ya 2017, Salim wa Zanzibar anampelekea chakula baba yake, Masud, aliyehama nyumbani bila kueleza sababu. Anakwenda London na fumbo hilo moyoni, na ni baada ya mama kufariki ndipo anarudi na kusimuliwa kisa chote. Kilichomtesa ni ukimya wa wazazi.

Kasoro ya kawaida ya riwaya hizi ni kumfanya aliyedhulumiwa awe mwema kupita kiasi. Hassan ni Mhazara, wa kabila linalodharauliwa, katika nyumba ya Wapashtuni, kabila lenye nguvu. Amir hucheza naye kila siku, lakini watoto wengine wakija Hassan haitwi. Urafiki wenyewe haukuwa sawa tangu mwanzo, na riwaya inalijua hilo. Hata hivyo, moyo wa Amir tunakaa nao kitabu kizima, ilhali wa Hassan mtu mzima tunaupata kwa barua moja na masimulizi ya Rahim Khan.