Kutoka pezi la sato hadi saratani ya utumbo mpana

Watu wanaojua kwamba kazi yangu ni vinasaba vya samaki hushangaa wakisikia kwamba mashine tunayopimia sato ni aina ileile inayopimia uvimbe wa saratani. Na si mashine tu. Hata kipande cha DNA tunachokisoma ni cha namna moja, na michoro inayotoka inafanana kiasi kwamba mtu aliyezoea samaki hahitaji muda mrefu kuielewa ya mgonjwa. Lakini kuna hatua ambayo kwenye samaki hatuiruki, na ambayo kwenye saratani kwa muda ilionekana haina ulazima. Anayeweza kuumia hatua hiyo ikirukwa ni mgonjwa wa Kiafrika, na ndiyo sababu naandika.

Kipande chenyewe kinaitwa mikrosatelaiti. Ni sehemu ya DNA ambamo herufi moja hadi sita hujirudia mfululizo: CACACACA, au AAAAAAAA, mara kumi, ishirini au zaidi. Sehemu hizi zimetapakaa kwenye kromosomu, na nyingi ziko nje ya maeneo yenye maelekezo ya kutengeneza protini, kwa hiyo zikibadilika urefu kiumbe kwa kawaida hakidhuriki. Na zinabadilika kweli. Seli inapojiandaa kugawanyika, kimeng'enya kinachonakili DNA, yaani polimerasi, hupita kwenye marudio hayo kama mtu anayehesabu shanga za rangi moja kwenye uzi mrefu: ni rahisi kuruka moja au kuihesabu moja mara mbili. Nyuzi mbili za DNA huteleza, kitanzi kidogo hubaki kimetokeza, na kisiporekebishwa nakala mpya huwa fupi au ndefu kwa rudio moja. Kwa binadamu, herufi ya kawaida hubadilika takriban mara moja katika milioni 100 kwa kizazi. Mikrosatelaiti hubadilika mara moja katika elfu moja hadi elfu kumi hivi. Baada ya mwaka 1989, watafiti walipoonyesha kwamba tofauti hizi za urefu zinasomeka kwa urahisi kwa PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi maabara, zikawa alama zinazotumika kila mahali, kuanzia kesi za ubaba hadi uvuvi.

Nianze na ziwani. Kabla ya miaka ya 1950, samaki waliokuwa uti wa mgongo wa uvuvi wa Ziwa Victoria walikuwa ngege, yaani Oreochromis esculentus, na mbiru, Oreochromis variabilis. Sato tunayemla leo, Oreochromis niloticus, aliletwa. Aliwazidi wenyeji kwa chakula na mazalia, lakini pia alizaana nao. Hapo ndipo macho yanaposhindwa kazi. Sato halisi ana mistari ya wima kwenye pezi la mkia na ngege hana, ila chotara anaweza kufanana na upande wowote, na baada ya vizazi kadhaa vya kuchanganyika hata mvuvi mwenye uzoefu wa maisha yake yote hawezi kukuhakikishia.

Kwa hiyo tunakata kipande cha pezi, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, tunakitumbukiza kwenye kichupa cha ethanoli, na samaki anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Maabara tunatoa DNA, tunakuza mikrosatelaiti kwa PCR yenye rangi inayong'aa, kisha tunapima urefu wake. Mchoro unaotoka una vilele. Kila samaki ana vilele vikubwa viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, au kimoja tu iwapo amerithi urefu uleule pande zote. Mathalani, samaki mmoja ana 142 na 150, mwenzake ana 146 pekee. Urefu mmojamoja wa namna hii tunauita aleli.

Aleli za samaki mmoja hazikuambii mengi. Ukipima samaki thelathini au zaidi kutoka kila eneo, kwa alama kumi au zaidi, picha inaanza kutokea: aleli fulani imejaa kwa ngege na ni adimu kwa sato, nyingine ni kinyume chake. Ziwa Kanyaboli, lile dogo lililo kwenye kinamasi cha Yala upande wa Siaya, limetumainiwa kwa miaka mingi kuwa kimbilio la ngege, kwa kuwa limetengwa na ziwa kuu. Alama za vinasaba zimeonyesha kwamba hata huko sato ameingia na damu imechanganyika. Mtu anayetaka kuchagua ngege wa kuzalisha ili kurudisha aina hiyo hawezi kuwachagua kwa sura.

Hatua nisiyoruka ni hii. Alama nyingi za sato zilitengenezwa kwa kutumia samaki wa maabara. Zile zenye majina yanayoanza na UNH, kwa mfano, zilitoka Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, kwa mradi wa ramani ya jeni za perege. Ukizichukua na kuzitumia kwa ngege, huenda mahali ambapo PCR inapaswa kujishikiza pamebadilika kwa herufi moja. Aleli moja hapo haikuzwi, haionekani, na samaki mwenye aleli mbili tofauti anasomeka kana kwamba anayo moja. Ukihesabu hivyo utasema jamii hii ya samaki inazaana ndugu kwa ndugu, kumbe kilichoharibika ni kipimo. Ndiyo maana tunaanza kila mara kwa kuuliza: katika jamii hii yenyewe, hali ya kawaida ya alama hii ikoje? Tunalinganisha idadi ya heterozigoti, yaani samaki wenye aleli mbili tofauti, waliopatikana na ile inayotarajiwa kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, hesabu ya jinsi aleli zinavyogawanyika samaki wakizaana bila kuchaguana, na alama isiyoeleweka tunaiondoa kabla hatujasema chochote kuhusu samaki.

Kuna samaki wanaounganisha pande hizi mbili moja kwa moja, na siwezi kuwapita. Ni samaki wadogo wa jenasi Xiphophorus, asili yao Meksiko na Amerika ya Kati; wengi wamewaona kwenye matangi ya mapambo. Tangu miaka ya 1920, Myron Gordon huko Marekani na Curt Kosswig huko Ujerumani walionyesha kwamba ukizalisha chotara wa spishi mbili, Xiphophorus maculatus na Xiphophorus hellerii, kisha ukamrudisha chotara kwa mzazi wa hellerii, baadhi ya watoto hupata melanoma, saratani ya seli za rangi. Mzazi wa maculatus, mwenye madoa meusi, haumwi. Jeni inayosababisha saratani, xmrk, ilitambuliwa mwaka 1989, nayo ni nakala ya ziada ya jeni iliyo jamaa ya EGFR ya binadamu, ileile inayolengwa na dawa za baadhi ya saratani za mapafu. Katika spishi yake, xmrk imezuiwa na jeni nyingine iliyo kwenye kromosomu tofauti. Kwa chotara kizuizi kinaweza kupotea. Mwaka 2020 watafiti walionyesha jambo la namna hiyo kwa chotara wa porini, katika mito ya jimbo la Hidalgo, Meksiko: xmrk ya Xiphophorus birchmanni ikikutana na jeni cd97 ya Xiphophorus malinche, melanoma ya mkia inajitokeza. Ukimpima samaki ukakuta ana xmrk, huwezi kusema lolote kuhusu hatari yake mpaka ujue ametoka jamii gani.

Tuje kwa binadamu. Ndani ya mwili wa mtu mmoja, seli zote zinapaswa kuwa na mikrosatelaiti za urefu mmoja, kwa kuwa zote zimetokana na yai moja lililorutubishwa. Polimerasi huteleza mwilini kama inavyoteleza kwa samaki, lakini kuna kikosi cha marekebisho. Protini MSH2 na MSH6, zikiwa pamoja, hutambua kitanzi kilichotokeza. MLH1 na PMS2 huongoza kukatwa kwa sehemu yenye kosa ili inakiliwe upya. Kikosi hiki kikiharibika, kila mgawanyiko wa seli unaacha makosa yake, na urefu wa mikrosatelaiti kwenye uvimbe unaanza kutangatanga. Mwaka 1993 makundi kadhaa ya watafiti, likiwemo la Manuel Perucho, la Stephen Thibodeau na la Albert de la Chapelle pamoja na Bert Vogelstein, yaliripoti hali hii katika saratani ya utumbo mpana. Inapatikana kwa takriban asilimia 15 ya saratani hizo. Mara nyingi chanzo ni jeni ya MLH1 kuzimwa ndani ya uvimbe wenyewe. Kwa sehemu ndogo, kama asilimia 3 ya saratani zote za utumbo mpana, kasoro imerithiwa, na familia hiyo ina sindromu ya Lynch. Ndugu za mgonjwa wa namna hiyo wanahitaji kuchunguzwa utumbo mapema na mara kwa mara.

Kwa nini madaktari wanajali urefu wa vipande ambavyo vingi havitengenezi kitu? Kwa sababu marudio machache yamo ndani ya jeni zenye kazi. TGFBR2, jeni inayosaidia kuzuia seli zisikue ovyo, ina A kumi mfululizo ndani ya maelekezo yake. Ikiongezeka au kupungua A moja, maelekezo yote yanayofuata yanasomeka vingine, protini inakatika njiani na breki inapotea. Jeni nyingi zikivurugika hivyo, uvimbe unajaa protini geni ambazo askari wa kinga wanazitambua kuwa si za mwili. Uvimbe hujilinda kwa kuwazuia askari hao. Ukiondoa kizuizi kwa dawa, wanashambulia. Mei 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya namna hiyo, pembrolizumab, kwa saratani yoyote iliyosambaa yenye alama hii, iwe ya utumbo, ya mji wa mimba au ya tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa kuidhinishwa kwa kufuata alama ya vinasaba bila kujali saratani imeanzia kiungo gani. Mwaka 2022 jaribio dogo la dostarlimab, dawa nyingine ya aina hiyo, huko New York liliripoti wagonjwa 12 wa saratani ya puru yenye kasoro hii, na wote uvimbe ulitoweka bila upasuaji wala mionzi. Nikisoma matokeo kama hayo sioni haja ya kuulizwa kwa nini kipimo hiki kifanywe kwa usahihi.

Sasa tazama mchoro wenyewe. Alama inayotumika sana inaitwa BAT-26: A ishirini na sita mfululizo, ndani ya jeni ileile ya MSH2 lakini kwenye sehemu isiyotengeneza protini. Hutaona kilele kimoja safi. Utaona kilima cha vilele vilivyosongamana, kwa sababu polimerasi ya PCR nayo inateleza, kila kilele kikiwa pungufu kwa herufi moja kuliko cha jirani yake. Kwa uvimbe wenye kasoro, kilima kinahamia kushoto kwa herufi kadhaa, au kinatokea kilima cha pili pembeni ya cha kwanza. Ukikiona mara moja hutakisahau.

Kwa watu wenye asili ya Ulaya, BAT-26 karibu haitofautiani kabisa kati ya mtu na mtu. Hapo likazuka wazo la njia ya mkato: kama watu wote wana urefu mmoja, ya nini kupima tishu isiyo na ugonjwa? Pima uvimbe pekee, kilima kikiwa kimehama, jibu umelipata. Lakini mwaka 1999 watafiti walipima Wamarekani weusi na Wanigeria wasio na saratani, wakakuta zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi ana aleli nyingine ya BAT-26, na kwa BAT-25, alama nyingine ya A zinazojirudia, idadi ilikuwa kubwa zaidi. Watu hao ni wazima. Kilima chao cha pili wamekirithi kwa wazazi, kama ngege alivyorithi aleli zake. Ukipima uvimbe wa mtu wa namna hiyo peke yake, unaweza kuandika kwamba mikrosatelaiti hazijatulia ilhali zimetulia kabisa.

Binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingineko, na tofauti za vinasaba ni nyingi zaidi hapa. Hilo linafundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Inaniuma kwamba kipimo kinaweza kuthibitishwa kwa watu wa bara jingine, kikapakiwa kwenye boksi, kikafika kwetu na karatasi ya maelekezo isiyotaja jambo hilo. Kanuni iliyozoeleka inataka alama mbili au zaidi kati ya tano ziwe zimehama ndipo uvimbe uhesabiwe kuwa na kasoro. Inapunguza hatari, haiimalizi, kwa sababu BAT-25 na BAT-26 huwa zote mbili kwenye orodha hiyo ya tano. Na jibu la uongo lina gharama: dawa ya bei kubwa isiyo na faida kwa mgonjwa huyo, na watoto wake kuambiwa huenda wamerithi saratani.

Dawa ya tatizo hili haihitaji mashine mpya. Pima uvimbe na tishu ya kawaida ya mgonjwa huyohuyo, sambamba. Aleli ya kurithi itaonekana kote kuwili. Kasoro ya uvimbe itaonekana kwenye uvimbe tu. Upasuaji ukifanyika, ukingo wa utumbo usio na ugonjwa huwa upo kwenye kielelezo, na mtaalamu wa patholojia anaweza kuuhifadhi kwenye nta peke yake. Kama kilichochukuliwa ni biopsi ndogo, yaani kipande kidogo tu cha uvimbe, kichupa kimoja cha damu kinatosha.

Pale ambapo PCR haipo, kuna njia ambayo maabara za patholojia zinaweza kuimudu kwa urahisi zaidi: kupaka rangi protini nne, MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, kwenye kipande chembamba cha uvimbe. Kiini cha seli kikigeuka kahawia, protini ipo. Kikibaki na rangi ya samawati tu, imepotea. Mtaalamu mzuri haishii kwenye seli za saratani. Anatafuta limfosaiti, seli za kinga zisizo na saratani, zilizo katikati yake, kwenye slaidi ileile, ahakikishe kwamba viini vyao ni vya kahawia. Kama navyo ni vya samawati, rangi haikushika, na kipimo kinarudiwa kabla ya ripoti kuandikwa.