Sandboksi ya brauza ni nini, na kwa nini ndo ya kuangalia kwanza

Kila siku watu wanabishana Chrome na Firefox ipi salama, mwingine anadakia Brave, ila muulize salama kivipi, kimyaa. Mi naanzia kwenye sandboksi, yani ule uzio wa brauza unaoifungia saiti isiguse vitu vyako.

Chukulia nyumba ya kupanga, vyumba sita korido moja. Saiti unayofungua ni mpangaji, anafungiwa chumbani kwake, akitaka kugusa faili zako lazima abishe hodi kwa mwenye nyumba ambaye ni brauza yenyewe. Kwa iyo haka (mdukuzi) anayekuja na saiti mbovu anahitaji matundu mawili, la kuteka chumba na la kutokea koridoni, na ndo maana hizo apdeti mnazopuuza zina kazi, zinaziba matundu.

Chrome ilizaliwa na sandboksi 2008. Shida ni kwamba saiti mbili ziliweza kulazwa chumba kimoja, na mwanzoni mwa 2018 ikatangazwa Spectre, udhaifu wa prosesa zenyewe, yani saiti moja ingeweza kuchungulia kumbukumbu ya mwenzie wanayelala naye, tuseme ya benki yako. Mwaka huohuo Chrome 67 ikaanza kutenga kila saiti na chumba chake kwenye kompyuta, Firefox ikafika hapo mwishoni mwa 2021. Edge, Brave na Opera zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, kwa upande huu kuzishindanisha na Chrome ni kupoteza bando tu. Na ile Chrome ya kwenye iPhone? Injini ndani, yani kinachofungua kurasa, ni ya Safari, brauza ya Apple.

Sasa kwenye Android ndo kuna utamu wake. Vyumba vinakula RAM, kwa iyo 2019 Chrome ilipoleta huo utenganisho kwenye simu ikawapa wenye RAM ya 2GB na kuendelea, tena kwa saiti unazologin tu. Kasimu ka 1GB kakabaki na mkeka mmoja.

Opera Mini usiiingize humu, mambo yake mengine kabisa. Ukiweka ile mode ya kubana data kupita kiasi, ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, unakamuliwa huko, wewe unaletewa uliobanwa, hata kama saiti ni ya HTTPS, ile ya alama ya kufuli. Ninayo, nasomea habari za mpira. Paswedi ya benki siingizi humo.